Siku nane za kuonja chai: Mombasa hadi Kericho na kurudi

Jumatano, Mombasa

Asubuhi nilimwacha mke wangu uani akikwangua birika kwa kisu. Siku hizi kazi hiyo haishi. Gamba jeupe linashika ndani ya birika mithili ya chokaa ukutani, analibandua, wiki mbili baadaye limerudi. Nilimpita nikamwambia naenda mjini, nikafunga mlango.

Nina mgahawa mdogo Majengo. Chai, mahamri, mbaazi, viazi vya karai, basi. Kwa miezi minne wateja wamekuwa wakininung'unikia kwamba chai yangu imekufa. Hawasemi ni chungu wala nyepesi, wanasema imekufa. Nimebadilisha muuza majani mara tatu, na huyu wa mwisho tuliachana kwa maneno ambayo sitayaandika. Ndipo binti ya dada yangu, ambaye ni mwonjaji katika ofisi moja ya madalali wa chai, akanipigia simu: "Mjomba, unagombana na watu kwa kitu usichokijua. Njoo mezani kwetu."

Ofisi yao haiko mbali na Nyerere Avenue, mtaa ambao watu wa chai wa Afrika Mashariki wote wanaujua. Chumba cha kuonjea ni kirefu na cheupe, na dirisha lake kubwa liko upande usiopigwa na jua. Chini ya dirisha ni meza ndefu, na juu ya meza safu ya vikombe vya kaure vyenye vifuniko. Kila kikombe kina bakuli lake mbele, jeupe, halina mkono, na nyuma yake kikopo cha majani makavu. Nilihesabu hadi hamsini na mbili nikaacha.

Kijana mmoja alikuwa akipima majani kwa mizani midogo kama ya sonara. Gramu 2.8 kila kikombe, hazizidi wala hazipungui. Kisha maji yaliyochemka wakati huohuo, kifuniko, na saa ya kengele imewekwa dakika 6. Kipimo kimeandikwa kabisa katika kiwango cha kimataifa, ISO 3103: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji. Nilimuuliza mpwa wangu kama hiyo ndiyo chai tamu kuliko zote. Alicheka. "Hii hainywewi, Mjomba. Ni kali makusudi, ili kasoro ikose pa kujificha. Na zote zipikwe sawasawa, la sivyo utakuwa unamwonja mpishi."

Kengele ilipolia kijana alivilaza vikombe ubavu ndani ya mabakuli, kifuniko kikiwa kimeshikiliwa. Mdomo wa kikombe una meno madogo; chai inachuruzika bakulini, majani yanabaki ndani. Halafu anakipindua kikombe, majani yaliyolowa yanaangukia nyuma ya kifuniko na kukaa pale juu kama ugali kwenye sahani. Kwa hiyo kila chai inakuwa na sura tatu mbele yako: majani makavu, maji yake, na majani yaliyolowa.

"Usianze na mdomo," alinizuia. Nilikuwa nimeshashika kijiko. Kwanza alinitia majani makavu kiganjani. Mazuri yana uzito, hayapeperuki. Ni meusi yenye kahawia kidogo, punje zake zinalingana, na ukizisugua kwa vidole zinalia. Yakiwa ya kijivu, yamesuguliwa mno mashineni. Vikionekana vijiti vyekundu na nyuzinyuzi, ni majani yaliyozeeka au hayakuchekechwa vizuri. Kisha akaniinamisha puani kwenye majani yaliyolowa, yangali moto. Hapo ndipo pana siri kubwa kuliko kwenye maji, alisema: yanatakiwa yang'ae rangi ya shaba, kama sarafu mpya. Yakiwa ya kijani, kuna kazi iliyofanywa nusu. Yakiwa ya hudhurungi iliyofifia, kazi imepitiliza.

Ndipo kijiko. "Fyonza kwa kelele. Hapa hakuna adabu." Wenzake wanafyonza kwa mlio mkali mfupi, kama mtu anayepasua kanga mpya, wanaizungusha kinywani nukta mbili tatu, wanatema kwenye toroli wanalolisukuma kwa goti, wamefika kikombe kinachofuata. Hewa ile inayoingia pamoja na chai ndiyo inayoipandisha harufu nyuma ya pua, na harufu ni zaidi ya nusu ya kazi. Mimi nilifyonza, ikanipanda puani kweli, nikakohoa mpaka machozi.

Aliponiona nimetulia alinipangia vikombe vitano, nichague kilicho bora. Mwenye mgahawa miaka kumi na saba! Nilikwenda moja kwa moja kwenye cha tatu. Kilikuwa cheusi kuliko vyote, na nilikiona kikitoa rangi kabla vingine havijaanza. Mpwa wangu alitazama dirishani. Kile cha tatu kilikuwa cha mwisho katika vyote vitano.

Hapo nilijifunza jambo la kwanza, nalo lilinisumbua njia nzima. Rangi kutoka haraka si ubora, ni udogo wa punje. Unga hutoa rangi upesi kuliko punje nene, kama chumvi laini inavyoyeyuka kabla ya chumvi ya mawe. Na zile herufi kwenye magunia, BP1, PF1, PD, D1, ambazo wauzaji wangu walikuwa wakinitajia kwa heshima kama vyeo vya jeshi, ni saizi tu za matundu ya chekeche. BP1 ni punje kubwa, PF1 inafuata, PD ndogo zaidi, D1 ni vumbi. PF1 ya kiwanda kibovu haiwezi kuishinda D1 ya kiwanda kizuri.

Kilicho bora kilikuwa cha tano. Ukikitazama ukingoni mwa bakuli kina pete ya rangi nyekundu inayowaka. Kinauma ulimi pembeni, kisha kinauachia, na mdomo unabaki safi unataka tena. Kule kuuma na kuachia wao wanakuita briski, na mng'ao wanauita braiti. Ndiyo Kiswahili cha meza ile. Kile cha tatu kiliuma hakikuachia, kikabaki kimekwama kooni kama koti la sufu.

Halafu kikombe kile cha tano kilipopoa kikaanza kuweka ukungu, kama maji ya mchele. "Hii imeharibika," nikasema, nikifurahi kukosoa. Wenzake wawili waligeuka kunitazama. Kumbe ukungu ule ni sifa. Chai yenye nguvu ikipoa, kafeini hushikana na zile theaflavini zinazoipa mng'ao, ikafifia kama inaganda. Chai dhaifu hubaki angavu hata ikilala usiku kucha.

Mwisho alitia maziwa kidogo kwenye vyote viwili. Hapa nilinyoosha shingo, maana chai ya maziwa ndiyo riziki yangu. Cha tano kiligeuka dhahabu, rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Cha tatu kiligeuka kijivu. Maji ya kuoshea sufuria, hasa.

Nilikuwa nimebeba mfukoni pakiti ya majani yangu, yale niliyogombania. Nilimpa. Akapima, akapika, akafyonza, akatema, akarudia. "Hii haina neno, Mjomba. PF1 ya kawaida, safi. Unaipikaje huko?" Nilijua ananistahi mbele za watu.

Alhamisi, ndani ya treni

Mpwa wangu ana rafiki aliyesoma naye ambaye sasa ni mwonjaji kwenye kiwanda kimoja upande wa Kericho, na mpwa wangu alikuwa ameshanipigia simu kwake niende. "Mimi kasoro nazijua kwa majina," aliniambia. "Yeye anazijua zilikozaliwa."

Miritini hadi Nairobi, saa tano za njia. Tsavo tembo wekundu, kama kawaida. Niliagiza chai ikaja maji moto na kifuko cha majani ndani ya kikombe cha karatasi. Nilikipasua kile kifuko niangalie: unga mtupu. Nikafyonza kwa mlio, mtoto wa kiti cha mbele akapiga magoti kitini kunitazama mpaka Mtito Andei.

Usiku nililala kwa jamaa Eastleigh. Walinipa chai ya Kisomali, tamu, iliki na mdalasini mpaka barabarani. Nilijaribu kuyatafuta majani ndani yake nikashindwa. Viungo ni buibui: hujui nani kapita.

Ijumaa, Nairobi hadi Kericho

Matatu ilipita juu ya Limuru asubuhi na ukungu, na kulia kwangu niliona mashamba ya kwanza. Ni huku Limuru ndiko miche ya kwanza ya chai Kenya ilikopandwa, mwaka 1903, ikakaa miaka kama ishirini kabla haijawa biashara ya maana. Naivasha, Nakuru, Molo, tukakunja kushoto Mau Summit. Baridi ilianza kuniingia kwenye vidole vya miguu. Nilikuwa nimevaa makubazi.

Kericho ukiifika hujiulizi kama umefika. Kijani kimekatwa bapa kama zulia, kinapanda vilima na kushuka, na barabara imepitishwa kwa wembe katikati yake. Saa tisa alasiri ikapiga mvua ya mawe. Nilidhani ni kisirani changu, nikaambiwa hapa ni jambo la kawaida.

Yule kijana wa kiwandani alinipeleka kulala kwa mama yake, mwenye shamba lake dogo. Nilifundishwa salamu njiani, nikasema "Chamgei" mlangoni, yule mama akacheka akanishika mikono miwili. "Karibu, mzee wa Mombasa. Utakufa na baridi na viatu hizo." Alinipa soksi za marehemu mumewe.

Kwanza alileta mursik, maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wanaouita senetwet. Ina harufu ya moshi, nayo ndiyo sifa yake. Isiponukia moshi, aliyeiandaa hakujua kazi. Ikafuata chai: maji na maziwa sawasawa, majani, sukari, haina kiungo hata kimoja. Nilifyonza.

Ilikuwa hai. Ile chai ilikuwa ya dhahabu, na ilipenya maziwa ikafika ulimini ikauma. Nikauliza ni majani gani haya, nikitarajia kuambiwa ni ya siri, yale mazuri wanayojiwekea wenyewe. Mama akaingia jikoni akarudi na pakiti. Ilikuwa pakiti ileile niliyomnyooshea mpwa wangu juzi, rangi ileile, chapa ileile.

Sikulala vizuri. Nilisema moyoni ni maziwa. Ng'ombe wake yuko pale dirishani, mimi natumia ya mfuko.

Jumamosi, shambani

Wachumaji huanza umande ukiwa bado. Mama alinivika aproni ya plastiki, akanifunga kikapu mgongoni, akanionyesha: majani mawili na chipukizi la katikati, basi. Kidole gumba na cha shahada, unavunja, huvuti. Jani la tatu limeanza kukomaa, lina nyuzi nyingi na kile kinachouma ulimi kimepungua. Kila mchumaji hulirudia jani la mti uleule baada ya siku saba mpaka kumi hivi. Ukichelewa linakomaa, kikapu kinajaa upesi na ubora unashuka.

Nilichuma kwa saa nzima. Mama alikipekua kikapu changu akatupa nusu chini ya miti, kimya, bila hata kunitazama. Mikono yake haitazami, inachuma huku anazungumza nami habari za ada ya shule ya mjukuu. Kuna mashamba makubwa huko ng'ambo ambako sasa mashine ndizo zinazochuma, na nilizisikia zikinguruma. Mashine haijui jani la pili na la nne. Lakini pia haidai mshahara, na watu hapa wana hasira nayo ambayo mgeni wa siku tatu hafai kuisemea.

Saa nane tukapeleka majani kituoni. Karani anayamwaga juu ya meza, anayatawanya kwa mikono, anayachambua. Ya mama hayakurudishwa hata jani. Yakapimwa kwa mizani ya umeme, kilo zikaingia kwenye simu yake, yakatiwa kwenye mifuko ya wavu pamoja na ya majirani. Kumbuka kwamba zinahitajika kilo nne na nusu hivi za majani mabichi kupata kilo moja ya chai.

Kisha tukasubiri lori. Mvua ya jana ilikuwa imegeuza barabara uji. Saa kumi, hakuna lori. Saa kumi na moja, hakuna. Mama alinishika mkono akautumbukiza ndani ya mfuko wake, katikati kabisa. Kulikuwa na joto kama ndani ya unga wa mahamri uliofunikwa. Jani likichumwa bado linapumua, linatoa moto wake, na likibanwa linajipika lenyewe. Akachomoa moja: ukingo wake ulishakuwa mwekundu. "Unaona? Nimechuma vizuri, na barabara imekunywa."

Lori lilifika saa moja na nusu usiku.

Jumapili, kiwandani

Majani yakiwa mengi, kiwanda hakijui Jumapili. Rafiki yake mpwa wangu alinipokea langoni na kofia ya nailoni na koti jeupe. Tulianza juu, kwenye vihori virefu vya kunyaushia. Majani yanalazwa hapo, feni inapuliza kutoka chini ya wavu, saa 12 mpaka 18, mpaka yapoteze maji ya kutosha yawe laini. Kipimo chake ni mkono: alikamata konzi, akafinya, akafungua kiganja. Lile tonge lilibaki limeshikana na hakuna kikonyo kilichovunjika. Majani ambayo hayajanyauka hulia yakifinywa, na yakienda hivyo mashineni chai yake hutoka mbichi, ina ladha ya nyasi.

Chini ni kelele. CTC, maana yake kuponda, kurarua na kuviringisha, ni jozi za rola za chuma zenye meno, zinazunguka kwa kasi tofauti, na majani yanapita jozi moja baada ya nyingine. Mashine ya aina hii ilibuniwa Assam, India, katika miaka ya 1930, na karibu chai yote ya Kenya hupitia humo. Yanaingia majani, unatoka ujiuji wa kijani kibichi kama mchicha uliosagwa. Ukaniangukia mkononi, nikaunusa: nyasi iliyokatwa sasa hivi.

Halafu unatambaa juu ya mkanda mpana, unapulizwa hewa yenye unyevu. Wanasema chai inachachuka, lakini hakuna hamira hapa. Ni kile kinachotokea ukikata biringani ukaliacha mezani likageuka kahawia. Tulitembea pembeni ya mkanda taratibu, hatua kwa hatua, na kila hatua rangi ilikuwa inabadilika: kijani, kijani chenye kutu, chungwa, shaba. Na harufu. Mwanzo nyasi, katikati tango, na mwishoni, naapa, matofaa. Alisimama palepale, akainama akanusa, akaangalia saa. "Hapa." Muda kama saa moja na nusu hivi, lakini hakuna saa inayokwambia, siku ya baridi huchukua zaidi. Ukiiwahi, inabaki kali, kijani. Ukiichelewa dakika kumi na tano, rangi inazidi kuwa nzito na ule mng'ao unaondoka. Rangi ninayoipenda mimi, basi, ndiyo hiyo inayokuja mng'ao ukishaondoka. Nilijisikia kama mtu aliyesifu maiti kwa kunona.

Kikaushio ndicho kinachousimamisha mwendo huo. Hewa ya nyuzi zaidi ya 100 inapita chini ya chai, chai inachemka juu yake kama mchanga, inatoka nyeusi, unyevu wake asilimia 3 hivi. Moto ukizidi, kikombe kina ladha ya mkate ulioungua. Ukipungua, chai inajitokosa, na hiyo ndiyo ile iliyonikwama kooni Jumatano. Nje kuna tanuri linalokula magogo ya mkalitusi, na bomba likitoboka mahali, moshi unaingia kwenye hewa ya kukaushia. Moshi ule uliokuwa sifa ya kibuyu cha mama, huku unashusha bei ya fungu zima.

Saa tisa tukaketi kwenye chumba chao kidogo cha kuonjea. Majani ya kituo cha mama yalikuwa yametoka. Alinipangia vikombe vitatu bila kuniambia kipi ni kipi. Nilitazama majani yaliyolowa kwanza, nikayanusa, ndipo nikafyonza. Cha kati kilikuwa kimefifia. Hakikuwa na ubaya wa kuusema; kilikuwa kitamu kidogo, kizito kidogo, hakikuuma. Majani yake yalikuwa hudhurungi, hayakung'aa. "Hiki kilikaa njiani," nikasema. Aliitikia kwa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari. Nilikuwa nimepatia kwa mara ya kwanza na sikufurahi hata chembe. Nilizikumbuka zile mikono mbili zinazochuma bila kutazama.

Nikamweleza habari ya pakiti yangu: kwa mpwa wangu safi, kwa mama yake hai, kwangu imekufa. Nikamwambia dhana yangu ya maziwa. Hakunijibu. Alifungua kifuniko cha birika lake, akanielekezea ndani. Chuma kilikuwa kinang'aa kama siku kilipotoka dukani.

"Nyinyi huko mnapikia maji gani?"

Nilinyamaza. Mfereji wetu ulianza kukauka kabla ya Ramadhani, tukachangishana na jirani tukachimba kisima. Miezi minne. Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji yanayopita humo yanakunywa chokaa. Gamba analolikwangua mke wangu kwa kisu ndilo hilo lililobaki birikani. Jingine lote limeshaingia kwenye chai. Chokaa huifanya chai iwe nyeusi zaidi, inaizima, na juu yake unatanda utando.

Kumbe utando ule. Nilikuwa nikiuondoa kwa kijiko kila asubuhi nikidhani ni wa maziwa.

Jumatatu, njiani

Kidumu cha lita tano, maji ya chemchemi iliyo chini ya shamba la mama. Kondakta wa basi aliuliza kama ni pombe. Nilimwambia ni maji. Hakuamini, akafungua, akanusa, akanirudishia kwa huruma. Soksi nilirudi nazo, mama alikataa kuzipokea.

Jumanne, Mombasa

Nilipita ofisini kwa mpwa wangu kabla ya kufika nyumbani. Ilikuwa siku ya mnada. Nilitegemea kelele na nyundo, kwani mnada huu una umri: ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa 1969, na tangu ule wa London ufungwe mwaka 1998 chai ya kanda nzima imekuwa ikitazama hapa: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi na wengine. Sasa mambo yako kwenye kompyuta. Alikuwa amekaa na kikombe cha maji, akitazama mafungu yakipita kwenye skrini, dola na senti kwa kilo. Hakuna anayeonja siku hiyo. Ndimi zilishamaliza kazi wiki nyingine, kwenye sampuli. Zaidi ya asilimia 90 ya chai ya Kenya inakwenda nje, na mnunuzi mkubwa kabisa ni Pakistani, ambako nao wanaipika na maziwa kama sisi.

Nilimwambia habari ya kisima. Alijipiga kipaji. "Na mimi nilikuuliza unaipikaje, ukanitazama kama nimekutukana."

Usiku, watoto wakiwa wamelala, tuliweka sufuria mbili mekoni, mke wangu na mimi. Majani yaleyale, kijiko kilekile kimelazwa kwa kisu kisizidi. Moja maji ya kisima, moja maji ya kidumu. Dakika sita kwa saa ya simu. Tulizimimina kwenye bakuli nyeupe za uji, tukawasha taa zote.

Ya kisima ilikuwa nyeusi, na juu yake utando mwembamba wenye rangi za mafuta, ukipigwa na kijiko unapasuka vipande. Ya kidumu ilikuwa nyekundu. Ukingoni ilikuwa na ile pete. Nikaongeza maziwa ya mfuko, yaleyale niliyoyasingizia, kwenye zote mbili: kijivu, dhahabu. Mke wangu alizitazama muda mrefu. Kisha akaenda uani, nikasikia kisu kikitupwa ndani ya ndoo.

Jumatano, Majengo

Maji yaliyobaki kwenye kidumu yalitosha vikombe vitano. Wazee wanne wa barazani nikawapa viwili viwili, kimoja cha kisima na kimoja cha kidumu, bila kuwaambia kitu, na sukari sawa.

Watatu wakachagua ya kisima. "Hii ndiyo ina rangi," alisema mmoja, akisukuma mbali ile ya dhahabu. "Hiyo nyingine mpe mgonjwa." Hao ndio wale walioninung'unikia miezi minne. Wa nne alikunywa vyote viwili, akauliza kama mahamri yako tayari.

Nilirudi mekoni nikajimiminia ya mwisho, ile ya kidumu, nikatoka nayo mlangoni. Nikaifyonza kwa mlio, nikaizungusha, na kwa mazoea ya wiki nzima nikaitema kwenye mtaro.

Barazani kulinyamaza. Mzee mmoja alikiinua kikombe chake kwenye mwanga, akakitazama kwa chini, akakitazama kwa juu.

"Bwana," akaniuliza, "kuna nini humu?"